Kiti cha Dada na Malapa ya Watu

Hapa Guangzhou mzigo unakufuata mpaka chumbani. Unaagiza ndoo ya kufulia umejilaza kitandani, kesho yake asubuhi mtu wa vifurushi anakupigia simu, na ukichelewa kuipokea anapanda ngazi, anagonga, anakuachia ndoo yako mlangoni na kushuka mbio. Nimeishi mtaa huu wa Xiaobei muda wa kutosha hata nimeharibika. Kuna siku kifurushi cha pini za mtandio kilichelewa mpaka jioni nikakasirika kama mtu aliyeibiwa. Pini! Nalitaja hili ili ijulikane kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na si kila nikikasirika nina haki. Safari hii nilikuwa nayo.

Dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, yuko Pemba, kaskazini, katika kijiji ambacho ili ukifikie unashuka gari pale lami inapokwisha. Miaka iliyopita alianguka mkarafuuni. Watu wakisikia hivyo hudhani alikuwa kileleni kama wanaume. Hapana, alikuwa tawi la chini, anachuma huku akizungumza na mwenziwe, tawi likakatika, akaangukia mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake ipo lakini haimsikii. Hubebwa kwenda chooni, hubebwa kwenda barazani, hubebwa kwenda msibani. Dada ni mwanamke wa maneno mengi na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na kila akiinuliwa hunyamaza kimya mpaka atuliwe. Ukimya ule ndio uliokuwa ukiniuma kila niliporudi nyumbani.

Kisha binti yake akaposwa, harusi ikapangwa. Dada akanipigia simu.

"Nasikia huko uliko kila kitu kipo," alisema. "Nitafutie kiti cha matairi, mdogo wangu. Sitaki miye kubebwa mbele ya wakwe."

Kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayekaa barazani kuwapokea wanawake wa upande wa bwana harusi wanapokuja. Hujitokeza, huwapa mkono mmoja mmoja, huwaingiza ndani. Dada alitaka kutoka ukumbini mpaka barazani kwa mikono yake mwenyewe, hatua chache tu, akiwa amevaa vizuri, watu wakimtazama. Hakuwahi kuniomba kitu tangu nije huku. Nilimwambia, "Dada, hesabu kimeshafika." Ndivyo nilivyosema.

Kiti nilikipata kwa urahisi wa kutia kinyaa. Nilichagua chenye matairi mapana, ya kupita kwenye mchanga na tope, nikabonyeza, nikalala. Kesho yake mtu wa vifurushi akakipandisha mgongoni ghorofa zote, maana jengo letu halina lifti. Alikuwa mwanamume mwembamba, jasho linamtiririka. Akaniuliza kwa mkono nani mgonjwa. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia ni jiejie, dada yangu, yuko nyumbani mbali. Akatikisa kichwa. Akaniambia na yeye kwao ni milimani, na vifurushi vya mama yake huachwa kwenye duka la mji mdogo, mwenye duka huvipeleka kwa pikipiki siku ya gulio. "Vinachelewa," alisema, huku anatazama chini kana kwamba kosa ni lake. Nilimsikitikia mama yule. Baadaye nilikuja kumwonea wivu.

Wakala wangu wa mizigo ni Mtanzania mwenzetu, mtu wa Dar, ofisi yake iko Sanyuanli katika jengo la jumla, amebanwa katikati ya muuza mabegi na muuza vioo vya simu. Mimi kazi yangu ni kuwanunulia nguo wateja wa nyumbani kule Zhanqian Road, na karibu kila robota langu limepita mikononi mwake. Ukutani ana tangazo kubwa lenye picha ya meli na maneno: Mlango kwa Mlango, Dar na Zanzibar.

"Na Pemba mnafikisha?" nilimuuliza.

"Dada, kwani Pemba si Zanzibar?"

Akacheka. Nami nikacheka, maana mtu anayekujibu kwa swali kama hilo anakufanya ujione mjinga kuuliza. Siku hizi mtu akinijibu swali kwa swali namlazimisha alijibu tena.

Sasa lazima nieleze namna tunavyofunga mizigo, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kontena la watu wengi halilipiwi kwa uzito tu, linalipiwa kwa nafasi. Kwa hiyo hakuna anayekubali kusafirisha upepo. Sufuria hujazwa vijiko, friji hujazwa nguo za watoto, cherehani huingizwa soksi kila penye uwazi. Na si lazima soksi ziwe zako. Wakala huchukua kitu chako chenye tumbo tupu akalijaza kwa bidhaa za mteja mwingine, nyote mnapunguziwa, na huko mwisho kamba inakatwa, kila mtu anachukua chake. Sote tunafanya hivyo. Mimi mwenyewe nimeshapeleka mitandio ndani ya mashine ya kufulia ya mtu nisiyemjua, na ikafika.

Kiti cha matairi, ukikitazama kwa macho ya mfunga mizigo, ni upepo mtupu.

"Tutoe matairi," wakala akasema. "Tukikunje, tukilaze."

"Hamtoi kitu. Ikipotea nati moja, kijijini kule nani ataitengeneza?"

Tulibishana mpaka tukaelewana hivi: kiti kibaki kizima, ila penye kukalia na chini yake pajazwe malapa ya mteja mwingine, mwenye duka la mjini Unguja, halafu vyote vizungushiwe turubai viwe robota moja. Nilisimama nikasimamia. Wafungaji wakashindilia malapa, mekundu, ya buluu, ya kitoto yenye vipepeo, mpaka kiti kikawa hakionekani. Nikachukua makapeni, kalamu ya wino mzito, nikaandika kwa herufi kubwa jina la dada, kijiji, na namba ya simu ya mumewe. Pembeni yake mfungaji akaandika alama ya yule mwenye duka. Nilifurahi kuliona jina la dada juu ya turubai. Nililipiga picha nikamtumia.

Kontena likaenda. Nyumbani mambo yakapamba moto, mara magauni, mara vyombo, mara nani apewe sare na nani asipewe. Dada alinitumia ujumbe wa sauti karibu kila siku, na katika kila ujumbe palikuwa na kiti. Mumewe ameshasawazisha kizingiti cha mlango kwa saruji ili tairi lipite. Barazani wameweka ubao wa kushukia. Amemwambia fundi ampunguzie gauni urefu lisije likanaswa na magurudumu. Alikuwa akicheka peke yake ndani ya simu.

Harusi ilipokuwa imekaribia, nikapata ujumbe kutoka kwa wakala: mzigo umefika na umekabidhiwa. Nikampigia dada mbio.

"Umekipata?"

"Nimepata nini?"

Nikampigia wakala. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba mzigo umefika mlangoni, hana deni na mimi.

"Mlango wa nani?"

Akanitajia meli na tarehe. Nikarudia, mlango wa nani?

"Dada, robota lile lilikuwa na alama mbili. Vijana wa Unguja wamelipeleka kwa yule wa mjini, dukani kwake. Huko kwengine hatuna gari."

Nilimwomba namba ya mwenye duka nikampigia. Alikuwa mtu mpole, msema taratibu, na upole wake ulinimaliza. Aliniambia nisiwe na wasiwasi hata kidogo, kiti kipo, hakijachubuka, na ili niamini akanitumia picha. Ninayo kichwani mpaka leo. Kiti cha dada yangu kimewekwa mbele ya duka, juani, na penye kukalia yamepangwa malapa kwa rangi. Kwenye mikono ya kiti yananing'inia yale ya kitoto yenye vipepeo, yamefungwa kwa nyuzi. Kilikuwa kimependeza. Biashara ilikuwa inakwenda.

"Wameshatokea watu wanataka kukinunua," aliniambia. "Nimewakatalia. Hii ni amana."

Yaani nimshukuru!

"Allah akulipe," nikasema, na meno nimeyauma. "Basi nakuomba, kaka, kitie kwenye boti ya Pemba."

"Miye si mtu wa mizigo, dada. Na wakala kaniambia nisimpe mtu yeyote ila mwenye jina lake. Mwenyewe aje achukue."

"Mwenyewe hatembei! Ndiyo maana ni kiti cha matairi!"

Akafikiri kidogo. "Pole sana," alisema. "Basi na aje na mtu wa kumsaidia."

Nilikata simu nikaenda dirishani. Chini barabarani Dengfeng watu walikuwa wanapita na mizigo yao kama kawaida, na mtu wa vifurushi amesimamisha kipikipiki chake cha umeme, anagawa. Mwanamke wa duka la nywele alipokea boksi lake hata bila kumtazama usoni. Ningeweza kumtemea mate kutoka juu kule, na hakunikosea chochote. Bahari nzima imevukwa, meli imepita bandari za watu na forodha za watu, halafu mzigo unashindwa kwenda kisiwa cha pili, ambacho mtu wa Unguja anakiona kwenye ramani tu, ndiyo maana anadhani hakipo. Nilimtukana wakala kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kichina, mwisho nikawa natukana hewa.

Mumewe dada alijaribu kumpigia mwenye duka, akajibiwa vile vile. Mtoto wao mkubwa, mwanamume mwenye mke na watoto wake, akasema atavuka kwenda kukifuata. Lakini mwenye duka ameambiwa asimpe mtu, naye ni mwaminifu. Mtoto wa mtu si mwenye jina. Ilitakiwa wakala atamke neno moja tu kwa simu, na wakala akawa hapokei simu yangu. Nikipiga, inaita mpaka inakatika. Nikituma ujumbe, anausoma, alama ya kusoma inatokea, hajibu. Siku za harusi zinakatika namna hiyo, mtu anausoma ujumbe wako na kuendelea kula.

Nikapanda treni ya chini nikaenda Sanyuanli. Ofisini palikuwa na wateja, Mkongo mmoja na robota zake za mashati, na wengine wawili wa Dar wanangoja mizani. Wakala aliponiona akainuka, akatabasamu.

"Dada yangu, karibu, nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi."

"Mpigie mwenye duka. Mbele yangu."

"Dada, tulia. Watu wanasikia."

"Wasikie! Umeandika nini ukutani hapo? Wasomee."

Akajaribu kunielewesha, na kule kunielewesha kwake ndiko kulikonipandisha mori kabisa. Alisema mjini hakuna shida. Alisema hata Pemba, kama ingekuwa pale bandarini au sokoni, wangejaribujaribu. "Lakini kwenu ni ndani ndani sana, dada. Huko hakuna mtu anayepeleka."

Ndani ndani. Ndani ya nini? Kwetu ni ufukweni, ukitoka nyumbani kwa dada bahari hiyo hapo. Yeye ameketi kwenye kijumba kisicho na dirisha katikati ya jengo la mabegi, halafu kwetu ndiko ndani! Nilimwambia hivyo kwa sauti iliyomtoa muuza vioo vya simu dukani kwake aje kutazama. Nikamwambia kama hufiki, sema hufiki, mtu atafute njia nyingine akiwa na muda, na si kumchekesha mtu kwamba Pemba ni Zanzibar wakati wa kupokea mzigo, halafu wakati wa kuufikisha Pemba ikawa mwezini.

Yule Mkongo akaguna. "Mama, hata kwetu ni vile vile," alisema. "Lubumbashi mzigo unafika bien, vizuri. Ukitoka tu kidogo nje, c'est fini, imekwisha, wewe mwenyewe utembee."

"Umeona?" wakala akasema, akadhani amepata shahidi.

Nikapanda juu ya mizani yake, ile ya chini ya kupimia marobota, nikakaa. Nilikaa kitako kabisa, nikaweka mkoba mapajani. Nikamwambia leo hakipimwi kitu hapa. Wale wa Dar wakaanza kuninyenyekea, dada tafadhali, shangazi tafadhali, kontena linafungwa leo. Nikawaambia wamwambie yeye. Mwenye jengo, Mchina wa makamo, akaja na kikombe chake cha chai akauliza kuna nini. Hakuna aliyejua kumweleza, na mimi nilikuwa najua lakini nilikuwa nalia. Ndiyo, nililia, na hasira haikupungua hata tone. Alitikisa mkono akasema "mei banfa", hakuna namna, akaondoka na chai yake.

Wakala akapiga simu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga viatu. "Mpe huyo kijana, ni mwanawe," alisema, na ikawa imekwisha. Neno hilo moja ndilo alilolifungia siku zote zile. Nikashuka kwenye mizani.

Mtoto wa dada akavuka kwa boti, akakichukua kiti siku moja kabla ya harusi. Mwenye duka alikifuta vumbi akamkabidhi, akampa na malapa ya zawadi. Alirudi na boti ya kesho yake, na kutoka bandarini akapata gari akakifunga kiti juu. Wakati huo kwetu masika yalikuwa yamekolea. Gari lilipofika pale lami inapokwisha, dereva akatazama tope, akasema yeye anaishia hapo. Yule kijana akamsihi, akamwambia ni harusi ya dada yake. Dereva akateremsha kiti. Basi akakisukuma kwa miguu, kiti kitupu, kwenye tope, kwenye mvua, siku ya harusi ya dada yake, na pale palipozidi akakitia kichwani.

Mimi harusi niliitazama kwenye video. Ndugu mmoja aliirekodi yote kwa simu, kutoka asubuhi, akanitumia vipande vipande, nikavitazama nimekaa sakafuni pale Xiaobei. Bibi harusi na hina yake, ametulia kama si yule aliyekuwa akiniibia pipi. Mashangazi wanaimba, wapishi wanagombana, mama yetu mzee amevalishwa sare anapiga makofi nje ya mdundo. Ilikuwa harusi nzuri. Kisha vigelegele vikasikika kutoka njiani, wakwe wanakuja, na mtu akasema haraka haraka, mleteni, mleteni.

Wakamleta. Mumewe mbele na jirani nyuma, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, wamekiinua kwa miguu yake. Gauni lilikuwa lile lililopunguzwa urefu, na kwa kuwa alikuwa juu juu vile, miguu yake ilionekana yote, inaning'inia, imekonda. Mlangoni pale walipopasawazisha kwa saruji jirani aliteleza, kiti kikainama upande, wanawake wa upande wa bwana harusi wakapiga ukelele. Dada akavuta kanga akajifunika uso. Wakamtua barazani na wageni wakaja kumpa mkono, na mkono aliutoa chini ya kanga, uso haukutoka.

Kiti kilifika wakati bibi harusi ameshaondoka na watu wameshaanza kukusanya majamvi.

Kesho yake dada akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amechangamka, au alijichangamsha, kwa simu huwezi kujua. Alisema kiti ni kizuri mno, chepesi, tairi zinapita kizingitini vizuri. Alisema asubuhi ametoka mwenyewe mpaka barazani, hakukuwa na mtu ila kuku. Alinishukuru, akaniombea dua ndefu, akanitajia mpaka watoto ambao sijawazaa. Nilikuwa nangoja anitukane. Angenitukana ningepumua.

Kisha akashusha sauti.

"Ile video ya harusi," alisema. "Wao huku nimeshawaambia. Na wewe ifute, mdogo wangu."

Nilitafuta namna ya kukikata kile kipande tu. Lakini baada ya pale yumo kila mahali, nyuma ya bibi harusi, nyuma ya bwana harusi, pembeni ya mama anayepiga makofi, mtu aliyefunikwa kanga. Nikaifuta yote.